Chumvi na Mashudu Katika Nchi ya Nyeri

Chaka ni mji mdogo ulio kando ya barabara iendayo Nanyuki, baina ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Hapo kale wafugaji wa Kikuyu waliwapeleka ng'ombe wao penye udongo wa chumvi wakalamba. Nyongeza yao ilikuwa hiyo. Mwaka 1954 Mpango wa Swynnerton ulihimiza wakulima wa Kiafrika wafuge ng'ombe wa maziwa wa kigeni. Ng'ombe hao hutoa maziwa mengi, na majani peke yake hayawatoshi; ndipo mashudu ya pamba na ya alizeti yalipotiwa horini.

Lakini mafuta yaliyomo katika mashudu yana kiasi chake. Tumbo la kwanza la ng'ombe limejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vimeng'enyavyo majani. Mafuta yakizidi huvidhuru vijidudu hivyo na kuyafunika majani. Ng'ombe hula kidogo, na maziwa huwa mepesi. Kwa hiyo wataalamu hushauri yasizidi sana sehemu 6 katika 100 za chakula kikavu. Basi mfugaji atiaye mashudu bila kipimo hupata hasara mara mbili: ya fedha, na ya maziwa.