Historia Yetu na Gugu la Maua

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika habari za hisa, za mikopo na za sanduku letu la kufuli tatu. Sisi tumepewa kazi ya kujibu swali ambalo wageni wakifika Kitomanga hawakosi kutuuliza. Imekuwaje kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kikajulikana kwa kung'oa magugu? Basi tutaanza mbali kidogo, maana gugu hili halikuota juzi wala jana.

Pwani yetu hii ya Lindi ni nchi ya korosho. Lakini mkorosho wenyewe ni mgeni, Wareno ndio walioleta kutoka Brazili. Muhogo nao na mahindi nayo asili yake ni ng'ambo huko huko Amerika. Kwa hiyo mtu asidhani tunachukia mmea kwa ugeni wake, tungefanya hivyo tungelala njaa. Mmea mgeni tunaoupiga vita ni ule unaojizalia wenyewe bila kupandwa, hauliwi na mtu, hauna mnyama wala mdudu wa kuupunguza, kisha unawafukuza wenyeji shambani na msituni.

Gugu letu ni kile kichaka cha maua ya rangi rangi. Kila mama alikuwa na jina lake la kukiita, wataalamu wanasema lantana. Nalo lilitoka Amerika ya joto, likapelekwa duniani kote kwa sababu ya uzuri wake. Watu walilipanda bustanini na kwenye ua wa nyumba. Mambo ya namna hiyo yametokea sana. Kule Usambara Mashariki Wajerumani walianzisha kituo cha Amani mwaka 1902, wakajaribu mimea ya kila nchi, na mpaka leo baadhi yake imetoka bustanini ikaingia msituni. Upo mti unaoitwa musizi, wa upande wa Uganda, ambao umejitawanya mle kama uko kwao.

Sasa kwetu lilipataje nafasi? Lantana hupenda mahali palipofunguliwa kisha pakaachwa. Mwaka 1974 ilikuja Operesheni Vijiji, wazazi wetu wakahamia karibu na barabara, na mikorosho ikabaki mbali huko ilikopandwa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Kuhama peke yake hakukuleta hayo yote, bei ilikuwa ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga uliingia kwenye maua ya mikorosho. Lakini shamba lisilopaliliwa linajulikana mwisho wake. Tulikuwa wadogo, tukitumwa kuokota korosho kwenye mashamba ya zamani tulirudi na mikwaruzo mikononi, na hatukujua ni kitu gani kinatukwaruza.

Wenzetu wa Busoga, Uganda, yaliwakuta makubwa zaidi. Wakati wa Idi Amin mashamba ya pamba na kahawa yaliachwa, lantana ikaota humo, mbung'o wakapata kivuli kizuri cha kukaa. Mwaka 1976 ukalipuka ugonjwa wa malale. Wataalamu wamekitaja kichaka hiki kuwa sababu mojawapo.

Tuje kwenye kikundi. Tulianza mwaka 2015, na mwaka wa tatu tukaanza kutoa mikopo ya kilimo cha ufuta. Mwenzetu mmoja, mjane, alikopa ili afungue shamba la marehemu baba yake. Vibarua walifyeka, wakachoma moto, shamba likawa jeusi safi kabisa, kila aliyepita alisifu. Mvua zilipoanza visiki vikachipua. Moto haukuua mizizi, na miche mipya nayo ikatoka kwa mbegu zilizokuwa ardhini. Ufuta ukamezwa. Siku ya marejesho mwenzetu alikuja na mikono mitupu.

Mkutano ule hatutausahau. Katiba yetu inasema mkopaji akishindwa, wadhamini wanalipa. Mdhamini mmoja akasimama akasema, "Mimi nilimdhamini mtu, sikudhamini kichaka." Watu wakacheka, ila jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Fedha ilikuwa ya kila mmoja wetu, na wengine walikuwa na ada za watoto mbele yao. Wapo waliotaka mbuzi wake wakamatwe siku ile ile. Wengine walisema tukikamata mbuzi tutapata fedha kidogo na tutampoteza mwanachama, na gugu litabaki pale pale likisubiri mkopo unaofuata. Tulibishana mpaka jua likazama. Mwisho tuliamua aongezewe muda wa msimu mmoja, na kila baada ya mkutano wote tuingie shambani kwake na majembe.

Wanachama watano walijitoa. Walisema walijiunga kuweka akiba, hawakujiunga kulima mashamba ya watu. Hatuwalaumu, walisema kweli yao. Watatu wamesharudi.

Kazi ile ndiyo iliyotupa elimu, pamoja na bwana shamba aliyekuja akatufundisha kulitambua gugu likiwa bado dogo. Kwa faida ya wasomaji tunaeleza. Shika shina: lina pembe nne, na mara nyingi lina vimiiba vilivyopinda. Jani ni gumu la kukwaruza kama msasa, ukilisugua linatoa harufu kali. Maua ni madogo madogo yamekusanyika kichwa kimoja, na kichwa hicho hicho huwa na rangi mbili, njano katikati na nyekundu au waridi pembeni. Matunda huwa ya kijani kisha meusi. Ndege huyala na kupeleka mbegu mbali, ndiyo sababu utakuta miche imejipanga chini ya mti wanapolala ndege. Mifugo ikila majani yake huharibika ini, na jua linaichoma ngozi mpaka inababuka. Matunda mabichi yana sumu, watoto wakatazwe.

Kulimaliza si kwa panga. Ukifyeka tu umelipogoa, litarudi na matawi mengi zaidi. Ling'olewe na shina la mzizi, udongo ukiwa na unyevu, kabla halijazaa. Halafu, hapa ndipo wengi wanapochoka, urudi baada ya wiki chache kung'oa miche kwa mkono, na mwaka unaofuata urudi tena, maana mbegu hukaa ardhini miaka. Palipong'olewa pasiachwe wazi. Sisi tunapanda kunde na mbaazi, na kwenye mikorosho tunaziba mapengo, kwa sababu lantana haipendi kivuli kizito.

Hapo tuseme na habari ya kiduha, maana watu huchanganya. Kiduha si mgeni wa kutoka Amerika, ni cha huku huku Afrika, na ubaya wake uko chini ya ardhi: kinashika mizizi ya mahindi, mtama au mpunga na kunyonya. Hicho dawa yake ni kubadilisha mazao, kutia samadi, na kung'oa kabla hakijatoa maua. Mbegu zake ni vumbi tupu na hukaa zaidi ya miaka kumi.

Kuna mgeni alituambia tuache kuumiza migongo, tusubiri serikali ilete wadudu wa kula lantana. Ni kweli wadudu wanaweza kazi. Magugu maji yalipoziba Ziwa Victoria miaka ya 1990, mbawakavu walioletwa walisaidia sana kuyapunguza. Lakini sisi ni wakulima wa ufuta. Uganda waliwahi kuachia mdudu wa lantana, na mwaka 1967 wataalamu wakaandika kwamba ameonekana kwenye ufuta. Tangu tuliposimuliwa habari hiyo, majembe tumeyashika vizuri zaidi. Na Baringo, Kenya, mti wa mathenge ulipandwa miaka ya 1980 ili watu wapate kuni na kuzuia jangwa. Ukazidi, mbuzi wakang'oka meno kwa maganda yake, mpaka wananchi wakapeleka shauri mahakamani na mbuzi kibogoyo akaonyeshwa.

Upinzani nyumbani haukukosa. Baba mmoja alisema ua wake wa lantana unazuia mbuzi vizuri kuliko miti ya kununua, na kuni zake zinawaka. Alisema kweli. Tulipatana naye akate maua kila yanapotoka mpaka mimea mingine ya ua ikue. Anakata, siku nyingine anasahau, tunamkumbusha.

Yule mwenzetu mjane alilipa deni lake lote msimu wa pili, na riba. Siku hizi fomu yetu ya mkopo wa kilimo ina mstari mmoja zaidi: kabla fedha haijatoka, wanachama wawili wanakwenda kulitazama shamba, wanahesabu vichaka.

Kazi haijaisha. Kando ya barabara bado lipo, na mashamba mawili ya watu walioko Dar es Salaam yamejaa kabisa, mbegu zinatoka huko kuja kwetu. Hatuwezi kuingia shamba la mtu bila ruhusa. Mmoja hapokei simu zetu. Wa pili, wa shamba la bondeni, amekubali tung'oe mvua zikilainisha udongo, ila amesema kuni ni zake. Tumekubali.