Mawimbi ya Nyasa hayakuwa na karantini

Aprili 2020, polisi wa California walimtia pingu mtu aliyekuwa peke yake baharini Malibu, amesimama juu ya ubao na kasia mkononi. Kosa lake ni kuingia majini wakati ufuo umefungwa kwa sababu ya korona. Afrika Kusini ilikaza zaidi. Tangu amri ya kukaa ndani ianze mwishoni mwa Machi, wacheza mawimbi hawakuruhusiwa kugusa maji, na Mei wakaandamana Muizenberg, Cape Town, wakiuliza mtu aliye peke yake juu ya wimbi anamwambukiza nani. Desemba maambukizi yalipopanda tena, serikali ilifunga fukwe za maeneo yaliyoelemewa, na safari hii ikaongeza mito, mabwawa na maziwa.

Amri kama hiyo ingesomwa Liuli au Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Tanzania, watu wangeuliza watakula nini.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikaanza kufungwa, na wanafunzi wakarudi kwao, wa Mbinga kwenye mashamba ya kahawa na wa mwambao ziwani. Mapema Mei takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka. Ng'ambo ya ziwa, Malawi ilitaka kuwafungia watu ndani mwezi wa Aprili, lakini Mahakama Kuu ikaizuia baada ya watetezi wa haki kulalamika kwamba maskini hawakuwekewa chochote cha kujikimu. Kwa hiyo Nyasa, kwa upande wetu na kwa upande wa Wamalawi, ilibaki wazi.

Ilibaki wazi katika majira yake mabaya. Kuanzia Mei hivi hadi Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini unaopata nafasi ya kukimbia juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550. Mawimbi yake si marefu na ya kupishana kwa nafasi kama ya Bahari ya Hindi. Ni mafupi, yamebanana, moja likivunjika jingine tayari liko mgongoni. Mvuvi anayerudi na mtumbwi wa gogo moja hawezi kuyapita kwa nguvu za mikono. Husubiri nyuma ya mstari yanapovunjikia, ayaache makubwa yapite, kisha apige kafi kwa haraka mpaka wimbi limbebe. Hapo huacha kupiga, anaegemea nyuma na kulikandamiza kafi majini liwe usukani, kwa kuwa mtumbwi ukikaa ubavu tu, samaki wote wamerudi ziwani na yeye pamoja nao. Dakika chache baadaye usipa, samaki wadogo wa ziwa hili, unaanikwa mchangani, na baada ya siku kadhaa umo sokoni Mbinga, umepanda mlima kwa barabara ambayo mwaka huo ilikuwa bado inatiwa lami.

Kwangu mimi huyo ni mcheza mawimbi, ingawa hakuna anayempigia makofi. Historia ya mchezo huu huanzia Hawaii karibu kila inaposimuliwa, na Hawaii wanastahili sifa yao. Lakini Mskoti James Alexander, aliyepita Accra miaka ya 1830, aliandika kwamba aliona wavulana wakiogelea na mbao nyepesi, wakisubiri wimbi liwarudishe ufukoni. Waafrika wa mwambao wa magharibi waliteleza juu ya maji kabla ya watalii kufundishwa. Wa Nyasa sijui kama kuna aliyewaandika. Msafiri aliyepita huku aliandika dhoruba, na Wajerumani na Waingereza wakaandika meli zao, hasa ile Hermann von Wissmann iliyopigwa mizinga hapo Liuli Agosti 1914.

Julai 2021, katika Olimpiki iliyocheleweshwa na korona, mchezo wa mawimbi uliingia kwa mara ya kwanza. Medali ya dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Italo Ferreira wa Brazili, mtoto wa muuza samaki, aliyejifunzia juu ya mfuniko wa sanduku ambalo baba yake alihifadhia samaki. Fainali ilikuwa tarehe 27. Tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Dar es Salaam, na chanjo ikazinduliwa rasmi nchini.

Walimu wa historia wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, wana kazi rahisi: wawatume wanafunzi mwaloni na daftari, wawaulize wavuvi mwaka 2020 ulikuwaje, nani alishuka majini, samaki waliuzwa kwa nani na kwa bei gani. Wanaojua bado wapo, na bado wanavua.