Uchoraji wa ramani kwa tarakilishi: Misingi ya usahihi kwa mwanagenzi

MISTARI miwili inayoonekana kwenye kiwambo cha tarakilishi kuwa imegusana huenda haijagusana kamwe. Mchoraji akiikuza picha mara mia, aghalabu hugundua mwanya ambao jicho halikuuona hapo awali. Kwenye karatasi, kosa la aina hiyo lilifichwa na unene wa risasi ya penseli. Katika tarakilishi hakuna maficho hayo: programu hukokotoa urefu na eneo kwa kufuata kile kilichochorwa, wala haijui mchoraji alikusudia nini.

Jambo hili lina uzito wa pekee mjini Nakuru na viungani mwake. Tangu kabla ya mji huo kupandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, mashamba ya pande za Lanet, Kiamunyi, Bahati na Njoro yamekuwa yakigawanywa kuwa ploti ndogo ndogo. Ploti inapokuwa ndogo, nusu mita ni ukuta, ni njia ya maji au ni kesi mahakamani.

Uchoraji wa aina hii si mgeni duniani. Mnamo 1963, Ivan Sutherland wa taasisi ya MIT, Marekani, alionyesha programu aliyoiita Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora kwenye kiwambo kwa kalamu ya mwanga. Programu ya AutoCAD ya kampuni ya Autodesk ilizinduliwa Desemba 1982 na kuifikisha kazi hiyo kwenye tarakilishi ndogo za ofisini. Leo kuna pia programu zisizolipiwa kama vile LibreCAD. Vitufe na amri zinazotajwa hapa ni za AutoCAD, lakini kanuni zenyewe ni zile zile kwingineko.

Vipimo kabla ya mstari

Kanuni ya kwanza ni kuchora kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita 6 huchorwa mita 6. Skeli ya 1:100 au 1:50 huja baadaye, wakati wa kuandaa karatasi ya kuchapishwa.

Mchoraji sharti aamue mapema kama nambari moja katika mchoro wake ni mita au ni milimita. Wapima ardhi wamezoea mita, ilhali wasanifu majengo hutumia milimita. Ramani ya nyumba ikiingizwa katika mchoro wa ploti bila tofauti hiyo kurekebishwa, nyumba huwa kubwa mara 1,000 kuliko inavyostahili. Kosa hilo huonekana mara moja. La hatari zaidi ni lile la futi na mita, kwa kuwa wanunuzi wengi wa ardhi bado huhesabu kwa futi.

Chukua mfano wa ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo wauzaji wengi huiita thumuni ya ekari. Kwa mita, ploti hiyo ni 15.24 kwa 30.48, na eneo lake ni mita mraba 464.5. Thumuni kamili ya ekari ni mita mraba 505.9. Tofauti ni zaidi ya mita mraba 41, ukubwa unaotosha vyumba viwili au vitatu vya kupangisha.

Nambari huandikwa, hazikadiriwi

Kanuni ya pili ni kuandika vipimo kwa kibodi badala ya kukisia kwa kipanya. Ploti iliyotajwa huanza kwenye nukta 0,0. Kisha mchoraji huandika @15.24,0 na baadaye @0,30.48. Alama ya @ humaanisha kuwa kipimo kinaanzia kwenye nukta iliyotangulia. Kwa mstari ulioinama, @20<30 huchora mita 20 kwa pembe ya nyuzi 30. Katika matoleo ambayo nambari hujitokeza kando ya kishale, programu yenyewe huchukulia kuwa nukta ya pili inahesabiwa kutoka ile ya kwanza. Anayetaka kuhesabu kutoka 0,0 hutanguliza alama ya #.

Pale mstari unapostahili kugusa mwingine, kitufe cha F3 huwasha uwezo wa kunasa nukta: ncha ya mstari, katikati yake, makutano ya mistari miwili au kitovu cha duara. F8 huuzuia mstari usiende upande kwa kuulazimisha kufuata mlalo au wima. Mwanagenzi asiwashe aina zote za kunasa kwa pamoja, maana kishale huweza kunasa nukta jirani isiyokusudiwa.

Mtego wa pembe

Vipimo vya mpima ardhi huhesabu pembe kuanzia kaskazini kuelekea upande wa mwendo wa saa. Programu, isipoagizwa vinginevyo, huanzia mashariki na kwenda kinyume cha saa. Kwa hivyo mwelekeo wa nyuzi 60 kwenye hati ya mpima ni pembe ya 30 katika programu: 90 ukitoa 60. Asiyejua hili huchora ploti iliyopinduliwa, yenye pande sahihi lakini iliyoelekea kusikofaa. Amri ya UNITS humruhusu mchoraji kuubadilisha utaratibu huo kabla hajaanza kazi.

Hali kadhalika, upande wa mwisho wa ploti usifungwe kwa herufi C inayorudisha mstari kwenye chanzo. Uandikwe kwa vipimo vyake kama pande nyingine. Ukikosa kufika kwenye nukta ya kwanza, pengo hilo ni ushahidi kwamba kuna nambari iliyonakiliwa vibaya. Herufi C huuzika ushahidi huo. Baada ya hapo, amri ya AREA itoe eneo, nalo lilinganishwe na lile lililoandikwa kwenye hatimiliki.

Mpaka usioonekana

Wachoraji wa eneo hili wana mtihani wao wenyewe. Mfumo wa UTM huigawa dunia katika kanda 60, kila moja ikiwa na upana wa nyuzi 6 za longitudo. Mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki, nayo hupita kati ya Nakuru na Njoro. Nambari ya mashariki ya katikati ya Nakuru ni takriban 174,000, ilhali ya Njoro ni karibu 828,000. Zikiwekwa pamoja bila kugeuzwa, Njoro, iliyo magharibi mwa Nakuru na karibu nayo, itatokea umbali wa takriban kilomita 650 mashariki, ndani ya Somalia, si mbali na Kismayu.

Kuna pia suala la msingi wa vipimo. Ramani za zamani za Kenya zilitumia msingi wa Arc 1960, na simu za mkononi hutumia WGS 84. Nukta ile ile hutofautiana kwa karibu mita 300 kati ya mifumo hiyo miwili. Kila mchoro hauna budi kuandikwa kanda na msingi uliotumika.

Mwisho, ustadi wa programu haumpi mchoraji mamlaka ya kuweka mipaka. Chini ya Sheria ya Upimaji, sura ya 299, kazi hiyo ni ya mpima aliyeidhinishwa, na bikoni zilizo shambani haziondolewi kwa kuwa mchoro umesema vingine. Mchoro ukitofautiana na bikoni, mchoraji arejee kwenye nambari zake kwanza, kisha amwite mpima kabla ya msingi wa nyumba kuchimbwa.