Futi za Speke, Madebe ya Kirumba

Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alipanda kilima karibu na Mwanza ya leo, akaliona ziwa, akaamua palepale kwamba amekipata chanzo cha Nile. Hayo tumefundishwa shuleni. Kisichosimuliwa sana ni habari ya maji yake ya moto. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Ndiyo maana msafiri wa enzi zile alitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayotokota, akasoma digrii za Fahrenheit, kisha akazigeuza kuwa futi juu ya usawa wa bahari. Speke alipata futi 3,740 hivi. Kwa mita ni 1,140. Ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,135, juu au chini kidogo kufuatana na mvua.

Ningempigia makofi kama asingerudi. Mwaka 1862 alifika upande wa kaskazini, kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon, pale Jinja, na safari hii hesabu ikampa futi 3,308. Ziwa ni lilelile, maji yametulia, lakini kwa vitabu vyake upande mmoja umeinama zaidi ya futi 400! Richard Burton na mahasimu wengine kule Uingereza hawakuliacha lipite. Ukikaa ukapiga hesabu utaona kwamba kwa mwinuko wetu digrii moja ya Fahrenheit ni zaidi ya futi 500. Tofauti yote ile haifiki digrii moja. Usahihi wa Mwanza, basi, ulikuwa bahati.

Namtaja Speke kwa sababu kazi yangu ni kusafisha takwimu za uvuvi za pwani hii ya kusini, na kila wiki nakutana na wajukuu wa kosa lake. Daftari la zamani linachapwa kwenye kompyuta, programu inapokea namba na kuchora grafu nzuri ya rangi. Haiulizi kama 5 ni inchi, kilo au debe.

Inchi zina historia ndefu hapa. Mwingereza Michael Graham alifanya utafiti wa samaki wa ziwa zima mwaka 1927 hadi 1928, akakuta ngege wanapungua kwa sababu ya nyavu, akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5. Sheria ikaja miaka ya 1930. Katikati ya miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika zikaifuta, na nyavu za macho madogo zikaingia kwa wingi. Sasa, inchi 5 zinapimwaje? Ukilivuta jicho likanyooka, unapima kutoka fundo hadi fundo linalotazamana nalo: milimita 127. Lakini wapo waliopima upande mmoja tu wa jicho, fundo hadi fundo la jirani, wakaandika nusu yake. Wote wawili wameandika ukweli, na wote wameandika "jicho la wavu". Ukizichanganya safu hizo mbili utaapa kwamba mwaka fulani wavuvi wote walivunja sheria.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi zetu zikahamia mita na kilo. Utafiti mkubwa wa kukokota nyavu chini ya ziwa, uliokuta furu ni zaidi ya asilimia 80 ya samaki wa chini, ulifanyika 1969 hadi 1971, yaani kipindi hichohicho. Serikali ilibadilisha mizani, lakini duka la nyavu halikubadilika. Hadi leo Mwanza wavu wa sangara unanunuliwa kwa inchi na wa dagaa kwa milimita, mara nyingi kwenye kaunta moja.

Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi uone. Dagaa wakavu wanapimwa kwa sado, kopo la lita 4 lililozaliwa na rangi ya Sadolin, na sado tano zinajaza debe. Debe la wakoloni lilikuwa galoni 4 za Kiingereza, lita 18 na kidogo; ndoo ya plastiki inayoitwa debe siku hizi ni lita 20. Hapo ujazo umeshaongezeka kwa asilimia 10 bila dagaa mmoja kuongezeka ziwani. Tena debe la dagaa wabichi na la wakavu ni uzito tofauti kabisa, na ukiongeza lumbesa juu, mizani ndiyo itakayosema.

Kuna kosa jingine ambalo wageni hawalioni kamwe. Nilimpelekea mzee mmoja, aliyekuwa mwandishi wa takwimu mwaloni, karatasi zake za zamani.

"Shikamoo mzee. Hapa umeandika walitoka saa 2. Ni saa ngapi?"

"Marahaba. Saa mbili usiku, mwanangu. Sasa wewe dagaa unamvua mchana?"

Kwenye kompyuta ilishakuwa 02:00, na mtumbwi uliorudi saa 12 asubuhi ulikuwa umefika saa sita mchana. Karabai zikawa zimewaka juani.

Dawa yake ipo, na ni ya kuchosha tu. Tazama uwiano. Sangara wa sentimita 50, mdogo kabisa anayeruhusiwa, ana kilo moja na robo hivi. Ukikuta ameandikwa urefu 20 na uzito huohuo, usimfute: gawanya 50 kwa 20, unapata 2.5, na inchi moja ni sentimita 2.54. Uzito ukizidi mara 2.2, aliyeandika alitumia ratili. Ukizidi mara 1,000 ni gramu. Mara 2 kamili kwenye nyavu, rudi kwenye mafundo.

Na usidhani ni mambo madogo. Mei 2020 kina cha ziwa kwenye kipimo cha Jinja kilifika mita 13.42, kikavunja rekodi ya 13.41 ya mwaka 1964. Rekodi ilivunjwa kwa sentimita moja! Hizo 13.42 zenyewe zinahesabiwa kutoka kwenye sifuri ya kipimo, ambayo iko takriban mita 1,122.9 juu ya bahari. Asiyejua sifuri iko wapi hana kina, ana namba.

Kwa hiyo ombi langu kwa vikundi vya mwaloni, wenye viwanda na familia za maofisa uvuvi wa zamani: kama mna madaftari stoo, msiwauzie wafunga karanga. Yaleteni watafiti wa uvuvi wa Nyegezi wayapige picha, na kama aliyeyaandika bado yupo hai, njooni naye.