Masafa mafupi yaliyofika mbali

KILA mwaka, nikianza kufundisha mada ya istilahi, hupata mwanafunzi mmoja wa kuniuliza swali lile lile: kwa nini Kiswahili kiliyaita ‘masafa mafupi’ mawimbi yaliyosafiri kutoka London hadi Kitui? Masafa si umbali? Basi ufupi wake uko wapi?

Swali hili nililijua kabla ya kuingia darasani, ila sikujua kwamba ni swali. Redio ya Susu, mama yake mama, ilikaa juu ya kabati kijijini kwetu, ng’ambo ya mto Athi upande wa Kitui. Ilikuwa na kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa MW, SW1 na SW2. Ukikigeuza kilikwaruza, kwa sababu vumbi la Ukambani halina adabu, linaingia popote. Susu hakuruhusu mtoto akiguse. Akitaka matangazo ya Kikamba ya Sauti ya Kenya, alikiweka kwenye masafa ya kati. Jioni alikihamishia masafa mafupi, tukasikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, au Deutsche Welle, iliyoanza 1963. Mtangazaji akisema “mita bendi 31”, mimi nilidhani ni bendi ya muziki, kama ile ya Kakai Kilonzo.

Kitufe kile kilikuwa swichi ya bendi. Antena ilikuwa moja, lakini kila bendi ilihitaji koili yake, na kazi ya swichi ilikuwa kuamua ni koili ipi iunganishwe. Nayo ‘mafupi’ haikuhusu safari. Ilihusu urefu wa wimbi lenyewe, kutoka kilele hadi kilele. Mawimbi ya mita 31 ni mafupi ukiyalinganisha na yale ya masafa ya kati, ambayo hufika mamia ya mita. Lakini hayo mafupi hugonga tabaka la juu la anga yakarudi ardhini maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Wafasiri walichukua neno la Kiarabu la umbali wakalibebesha urefu wa wimbi. Siwalaumu sana. Walikuwa na kipindi cha kurusha hewani, hawakuwa na semina.

Kisha ikaja FM. Capital FM ilifungua mlango wa stesheni za kibinafsi mwaka 1996, na baadaye zikafuata za Kikamba kama Musyi, neno lenye maana ya nyumbani. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi na hupenda kwenda moja kwa moja. Vilima vya Mbooni na Mutitu, na ule mgongo mrefu wa Yatta, huyazuia. Hapo neno letu likahama tena. Stesheni zikaanza kusema “masafa ya 102” au “masafa ya 98”, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, si urefu wala umbali. Leo mwanafunzi wa Makueni anaweza kusoma ‘masafa mafupi’ katika kitabu kimoja na ‘masafa ya juu’ katika kingine, asijue kwamba ni kitu kile kile. Wimbi likifupika, mitetemo huongezeka. Sasa huyo mtoto akikosa swali la fizikia, kosa ni lake?

Simu za mkononi zilipoenea kuanzia mwaka 2000, swichi ya Susu haikufa. Ilijificha. Simu za GSM zilitumia bendi ya megahezi 900, na nyingi pia 1800, zote kwa antena moja. Ndani yake mlikuwa na swichi ndogo isiyo na kitufe, ya diodi kwanza, baadaye ya galiamu aseniki, na siku hizi ya silikoni iliyolazwa juu ya kihami. Simu ya GSM haisemi na kusikia kwa wakati mmoja. Hupokezana zamu na mnara, takriban mara 217 kwa sekunde, na swichi hufuata zamu hizo. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka: ukiweka ‘mulika mwizi’ karibu na redio, redio iliguguma “ti-tiri-tiri-tiri” kabla simu haijalia. Ilikuwa ni midundo hiyo ya zamu ikipenya kwenye spika. Susu alisema redio imeanza kuogopa simu.

Kadiri bendi zinavyoongezeka, ndivyo kazi ya swichi inavyokuwa ngumu. Ikipoteza desibeli moja tu, asilimia 20 hivi ya nguvu za mawimbi huteketea kabla ya kufika kwenye antena. Na njia ya bendi isipowekwa kiwandani, hakuna wa kuigeuza.

Hilo nililijua kwa fedheha. Binamu yangu aliniletea simu ya bei kutoka Marekani. Mjini Wote intaneti ilipaa. Tulipovuka Athi kwenda nyumbani, ikaanza kusota hadi nikashindwa kutuma matokeo ya wanafunzi siku ya mwisho. Nikailaani kampuni ya simu kutwa nzima. Fundi mmoja mjini Kitui aliitazama akacheka: “Mwalimu, hii haina bendi ya huku.” Bendi ya 800, ambayo zamani ilikuwa ya televisheni, hutumika hapa nchini kwa 4G kwa kuwa hufika mbali kuliko 1800. Simu nyingi za soko la Marekani hazikutengenezewa njia yake.

Angalia, bwana, fundi hakusema masafa. Alisema bendi, nikamwelewa papo hapo. Ndiyo maana napendekeza ‘masafa’ tuyaachie mitetemo, ‘urefu wa wimbi’ tuutaje kwa jina lake, na ‘bendi’ na ‘swichi’ tuyaache kama fundi anavyoyatumia. ‘Masafa mafupi’ yabaki kwa wanahistoria, pamoja na maelezo.

Simu ile nimempa mpwa wangu anayeishi Wote. Mimi nimenunua nyingine, ya bei nafuu, baada ya kumuuliza fundi kwanza.