Chuo na kampuni: somo la gugumaji kutoka Dunga

Kuna siku ukifika ufuo wa Dunga, pembeni mwa mji wa Kisumu, huoni maji, waona majani. Ni gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini uliolivamia Ziwa Victoria upande wa Kenya miaka ya 1990. Likifunga ufuo, mashua haitoki na mvuvi hukaa bure.

Hapo Dunga ndipo penye mfano wa jambo tunalolisikia kwenye hotuba kila mwaka bila kufafanuliwa: ubia wa chuo kikuu na kampuni. Waliokutana ni watatu. Biogas International ni kampuni ya Kenya inayotengeneza mitambo ya gesi. AstraZeneca ni kampuni ya dawa ya Uingereza, nayo ilitoa fedha. Wa tatu ni taasisi ya Chuo Kikuu cha Cambridge inayoshughulikia uongozi wa maendeleo endelevu.

Kazi yenyewe ni hivi. Gugumaji huvunwa, hukatwakatwa, huchanganywa na maji, kisha hutiwa ndani ya mfuko mkubwa uliofungwa. Vijidudu huliozesha bila hewa, gesi hutoka na kupita kwenye mpira hadi jikoni. Masalio huwa mbolea. Mama aliyekuwa akipuliza kuni kwa macho mekundu sasa awasha jiko la gesi.

Kwa nini wasifanye peke yao? Kampuni ndogo ina fundi na bidhaa, lakini haina maabara wala uwezo wa kumlipa mtafiti miaka mitatu apime kilo ngapi za majani zatoa gesi kiasi gani. Chuo kina vipimo na subira, lakini hakina mtu wa kwenda kuziba mfuko ukitoboka. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Huko Bondo, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kina kituo cha utafiti wa wadudu kama chakula cha watu na mifugo, kilichoanzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Wafugaji wa samaki wanalia na bei ya chakula, na dagaa wanaosagwa kulisha samaki ndio hao hao maskini awategemeao kwa kitoweo. Mdudu akiziba pengo hilo, mwenye kiwanda cha chakula cha samaki atafaidi, na mwenye sufuria naye atafaidi. Lakini utafiti ukibaki kabatini, hapana atakayefaidi.

Nasema hivi kwa uchungu. Nilipokuwa nasomea diploma nilipelekwa kampuni moja kujifunza kazi. Miezi mitatu nilipeleka chai na kupanga mafaili. Chuo kilipata muhuri, kampuni ikapata mtumishi wa bure, na hakuna kilichovumbuliwa. Huo si ubia.

Ubia wa kweli huanza na shida inayojulikana, mtu wa kila upande anayewajibika, na maandishi. Hapa kwenye maandishi ndipo wengi huumia. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 yasema uvumbuzi uliofanywa kazini ni haki ya mwajiri, au ya aliyeagiza kazi, isipokuwa mkataba useme vingine. Hataza hulindwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Asiyesoma mkataba leo atanunua uvumbuzi wake mwenyewe kesho. Sisi dini yetu imetufunza kuandikiana hata deni, seuze akili ya mtu!

Na sisi Pwani? Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina makao makuu Mombasa na kituo Kisumu. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kina mama wa Kibuyuni, Kwale, wanalima mwani na kuukausha. Ni nani atakaa nao, pamoja na mhadhiri na mwenye kiwanda, waulizane mwani huu waweza kuwa nini kabla haujauzwa mkavu kwa bei ya chini?

Dunga walianza na gugu lililowafungia njia. Sisi tuna mwani tunaoulima wenyewe. Tusingoje chuo cha ng'ambo kije kutuambia thamani yake.