Barua za Mtakatifu Fransisko Ksaveri



Juma lililopita mama mmoja alitujia akiwa na uchungu juu ya kijana wake aliyekwenda Oman kutafuta kazi. Tulidhani amepotelewa na habari zake. Sivyo. Kijana hupiga simu kila siku, hutuma na picha. “Lakini Padre,” alisema, “haniambii kitu.” Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Jioni tulizifungua tena barua za Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambazo tulizisoma mara ya kwanza tukiwa seminarini, wakati sisi wenyewe tulipokuwa tukihesabu siku za kupata barua kutoka nyumbani.

Fransisko aliondoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35. Nyuma yake aliwaacha marafiki wachache aliosoma nao Paris, miongoni mwao Inyasi wa Loyola na Petro Favre, ambao alikaa nao chumba kimoja. Merikebu ilichelewa njiani, ikafika Kisiwa cha Msumbiji mwishoni mwa Agosti. Ikabidi abaki hapo karibu nusu mwaka akihudumia wagonjwa, na kutoka huko, tarehe 1 Januari 1542, aliwaandikia wenzake wa Roma. Walipoendelea na safari walitia nanga Malindi, ambako Mreno mmoja aliyefia chomboni alizikwa. Kikanisa kidogo cha Wareno kingali pale mjini, na wenyeji hukihusisha na mazishi hayo. Tarehe 6 Mei aliingia Goa.

Tangu hapo mawasiliano yake na nyumbani yalitawaliwa na pepo, zile zile wanazozijua mabaharia wetu wa pwani, kusi na kaskazi. Merikebu za Ureno zilitoka Lisbon Machi au Aprili ili ziidiriki kusi, zikafika India Septemba hivi kama mambo yalikwenda vema. Za kurudi ziling'oa nanga baada ya msimu kugeuka, karibu na mwaka mpya. Kwa hiyo aliyeuliza swali Goa hakuweza kutazamia jibu la Roma kabla ya mwaka na nusu kupita, na aliyekuwa visiwa vya Maluku au Japani alingoja zaidi. Tena merikebu zilizama. Ndiyo maana barua moja ilinakiliwa mara mbili au tatu, kila nakala ikapewa chombo chake, ili bahari ikimeza moja nyingine ifike.

Mwezi wa Mei 1546, akiwa Ambon, Fransisko aliwasimulia wenzake jambo ambalo halikosi kutugusa kila tulisomapo. Alikuwa amekata majina yao kutoka katika barua walizomwandikia, majina yaliyoandikwa kwa mikono yao wenyewe, akawa anayachukua pamoja naye popote aendapo. Mtu huyu hakuwa na picha ya rafiki yeyote. Wino wa sahihi ndio uliokuwa uso wao.

Inyasi naye, huko Roma, alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Zimesalia zaidi ya 6,800. Lakini alikuwa na utaratibu, na hapa ndipo tulipomkumbuka yule mama. Mwezi wa Desemba 1542 alimwonya Petro Favre juu ya namna ya kuandika. Aliagiza kuwe na barua kuu, iliyopangwa vizuri, ya kuonyeshwa kwa wakubwa na wafadhili. Yeye mwenyewe aliiandika, akaisahihisha, kisha akaiandika upya. Kando yake ziwepo karatasi nyingine za mambo ya ndani: ugonjwa, huzuni, magomvi, na lolote ambalo moyo ungependa kulimwaga. Barua kuu zilisomwa na wengi. Ile aliyoiandika Fransisko kutoka Cochin mwezi wa Januari 1544 ilipigwa chapa Paris mwaka 1545.

Twaona kwamba simu za mkononi zimetupatia barua kuu kila saa: picha mbele ya jengo refu, picha ya chakula, “niko salama mama.” Karatasi ya kando ndiyo haipo. Wala hatumlaumu kijana peke yake, kwani pengine kazi ni ngumu na anaogopa kumwumiza mama. Pengine nasi nyumbani tumemzoeza kuulizwa fedha kwanza. Tulimshauri mama amwandikie kwa mkono, ukurasa mzima, aanze yeye kumweleza udhaifu wake mwenyewe. Alicheka, akasema hajaandika barua tangu alipoolewa, lakini karatasi aliichukua.

Fransisko aliporejea kutoka Japani alikuta Malaka barua ya Inyasi. Januari 1552, akiwa Cochin, alimjibu kwamba maneno ya mwisho ya barua ile, ambayo Inyasi alimwambia kuwa hawezi kumsahau kamwe, aliyasoma kwa machozi, na kwa machozi alikuwa akiyajibu. Mwaka huo huo alisafiri tena kuelekea China. Alifariki tarehe 3 Desemba katika kisiwa cha Shangchuan, China ikiwa mbele ya macho yake.

Roma hawakujua. Tarehe 28 Juni 1553 Inyasi aliketi akamwandikia, akimwagiza kwa utii arudi Ureno na hata kufika Roma, kwa kuwa mambo ya misheni yalihitaji mtu wa kuyaeleza uso kwa uso. Alipotia sahihi, ile sahihi ambayo rafiki yake angeikata na kuitunza, mwili wa Fransisko ulikuwa umelazwa Malaka tangu Machi, ukingoja chombo cha kuupeleka Goa.